Siku 5 za kulalamikia zabuni bila kuambiwa kosa lako: tunalalamikia nini hasa?

Ndugu wanajukwaa,

Nimesubiri siku mbili kabla ya kufungua uzi huu ili hasira ipungue, na haijapungua sana. Nina karakana ndogo ya samani za chuma yenye mafundi sita. Mwaka huu niliomba zabuni ya halmashauri moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa shauri lenyewe halijaisha, ya kutengeneza na kufikisha vitanda 240 vya ghorofa kwa ajili ya mabweni ya shule za sekondari. Bei yangu pamoja na kodi ilikuwa shilingi 71,520,000. Notisi ya kusudio la kutoa tuzo ilipoingia kwenye NeST, yaani mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma hapa Tanzania, nikakuta anayekusudiwa kupewa kazi ni mzabuni wa shilingi 88,800,000, na mbele ya jina la kampuni yangu yameandikwa maneno manne tu: "Haikukidhi matakwa ya kiufundi."

Kabla hamjanijibu, najua kwamba bei ya chini peke yake haimpi mtu kazi. Kama kitanda changu ni kibovu, nastahili kukosa hata kama bei yangu ni nusu ya mwenzangu. Ninachodai ni kuambiwa ubovu wenyewe uko wapi. Kanuni za ununuzi wa umma zinataka notisi ile itaje jina la anayekusudiwa kupewa tuzo, bei ya mkataba, muda wa kukamilisha kazi, na sababu zilizowafanya wazabuni wengine wasifanikiwe. Nyaraka ya zabuni ilikuwa na matakwa ya kiufundi zaidi ya 20, kuanzia unene wa bomba, aina ya rangi na upana wa chaga hadi muda wa dhamana. Kumwambia mtu kwamba ameshindwa "matakwa ya kiufundi" bila kutaja ni lipi kati ya hayo ni sawa na hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa la "kuvunja sheria" kisha akafunga faili.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya saa inayoanza kukimbia siku ileile. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, mzabuni asiyeridhika ana siku 5 za kazi za kupeleka malalamiko yake kwa maandishi kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni. Zamani zilikuwa 7. Sina ugomvi na kufupishwa kwa muda, maana wanafunzi wanaolala chini hawapaswi kusubiri miezi kwa sababu ya mabishano yetu sisi wafanyabiashara. Lakini muda mfupi una maana pale tu mlalamikaji anapojua analalamikia nini. Siku tatu kati ya zangu tano niliziteketeza kwa simu na safari za kwenda ofisini kuuliza swali moja, na kila niliyemkuta alinielekeza kwa mwenzake aliyekuwa kikaoni.

Siku ya tatu jioni, ofisa mmoja alinihurumia akanidokeza kwa mdomo kwamba tatizo ni unene wa bomba, kwa kuwa bomba langu "ni tofauti na lililotakiwa". Ndugu zangu, nyaraka ilitaka bomba lenye unene usiopungua milimita 1.2, na mimi niliandika milimita 1.5. Mtoto yeyote aliyefundishwa desimali shuleni atakwambia kwamba 1.5 haipungui 1.2. Bomba langu ni nene zaidi, ni zito zaidi, linanigharimu zaidi, na bado nilimzidi mwenzangu kwa unafuu wa shilingi 17,280,000. Kama kamati ya tathmini ilitaka milimita 1.2 kamili, isizidi wala isipungue, ilipaswa kuandikwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu tathmini hufanywa kwa vigezo vilivyomo kwenye nyaraka ya zabuni na si kwa vile vilivyozaliwa ndani ya chumba cha kikao.

Niliandika malalamiko yangu usiku, nikaambatisha ukurasa husika wa nyaraka na jedwali langu la vipimo, nikayafikisha siku ya nne na kugongewa mhuri wa kupokelewa. Sasa fikirini yanakwenda kwa nani. Yanakwenda kwa afisa masuuli wa taasisi ileile, ambaye ndiye aliyesaini notisi ninayoipinga. Wahenga walishasema kuhusu kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Naelewa mantiki ya kumpa nafasi ya kujisahihisha kabla mambo hayajafika mbali, na sheria inamtaka asimamishe mchakato akishapokea malalamiko, apitie, kisha atoe uamuzi wake kwa maandishi ukiwa na sababu. Mimi nilijibiwa siku ya mwisho ya muda wake wa kujibu, saa kumi alasiri, kwa sentensi mbili: malalamiko yamepitiwa, na yamebainika kutokuwa na msingi. Kuhusu bomba, halikuandikwa hata neno moja.

Katikati ya hayo alinipigia mtu ambaye nisingependa kumwelezea zaidi, akanishauri kwa upole kabisa kwamba nisijiharibie, zabuni bado zipo nyingi na mwaka ni mrefu. Nadhani wengi wenu mmeshapokea simu ya namna hiyo, na nadhani ndiyo maana wengi wenu hamkulalamika.

Mimi nimekata rufaa. Nilikuwa na siku nyingine 5 za kazi tangu nipokee uamuzi ule, na nimelipa ada na kuwasilisha hoja zangu kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 40 na ina uwezo wa kubatilisha uamuzi wa taasisi nunuzi, kuagiza tathmini irudiwe, au kuamuru nilipwe gharama nilizoingia. Hoja yangu ya kwanza wala si bomba. Ni kwamba notisi yenyewe haikutoa sababu inayoeleweka. Bomba nimeliweka la pili, kwa sababu mpaka leo sina karatasi yoyote inayosema rasmi kwamba niliondolewa kwa ajili ya bomba. Wakija na sababu nyingine mpya mbele ya Mamlaka, ninataka waulizwe ilikuwa wapi siku zote hizo.

Ninaomba msaada kwa waliowahi kufika hatua hii. Je, mlifanikiwa kupata taarifa ya tathmini kabla ya siku ya kusikilizwa, au mliiona kwa mara ya kwanza kupitia majibu ya taasisi? Na je, kuna aliyejenga rufaa yake juu ya upungufu wa notisi peke yake, na ikawaje? Tafadhali wekeni uzoefu wenu hapa hapa na si kwenye ujumbe wa faragha, ili na wengine wenye karakana kama yangu wausome kabla siku zao 5 hazijaanza kuhesabiwa.