Orodha nyeusi ya Hollywood: acheni kuwatetea wale mabosi!

Wakuu, nimechoka. Kila ikitajwa orodha nyeusi ya Hollywood, yaani watu wa filamu Marekani walionyimwa kazi kwa kushukiwa ukomunisti, lazima atokee mtu na ngonjera ya "serikali iliwalazimisha". Kwa sheria ipi? Nionyesheni! Novemba 1947 wenye studio walijifungia hotelini Waldorf-Astoria, New York, wakatoka na tamko lao wenyewe: wale kumi waliogoma kujibu maswali ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikisaka wakomunisti watimuliwe bila fidia, na mkomunisti asiajiriwe.

Woga naweza kuuelewa. Kinachonichemsha ni kwamba maandishi ya hao hao "maadui wa taifa" waliendelea kuyanunua kwa mlango wa nyuma, tena kwa bei ya kutupa. Dalton Trumbo, mwandishi wa filamu na mmoja wa wale kumi, katoka jela alikofungwa kwa kugoma kule, jina lake ni mwiko, kazi zake zinapita kama kawaida. Mwaka 1957 Oscar ya hadithi bora ikaenda kwa Robert Rich. Jina likaitwa, mtu hatokei. Kiongozi wa chama cha waandishi akapanda jukwaani kuipokea, akasema Rich yuko na mkewe anayejifungua. Mke gani, mtoto gani? Mwandishi Rich hakuwepo! Alikuwa ni Trumbo.

Mwaka uliofuata wakarudia. Tuzo ya uandishi wa The Bridge on the River Kwai akapewa Pierre Boulle, Mfaransa mwenye riwaya yake ya Kifaransa, ilhali filamu iliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson. Walipokuja kukumbukwa, Wilson alishakufa.

Na msiniletee la "walikuwa wakomunisti kweli". Wengine walikuwa, ndiyo, na chama kilikuwa halali. Halafu kile kijitabu cha 1950, Red Channels, kiliorodhesha watu 151 wa redio na televisheni kama washukiwa wa ukomunisti. Kusaini waraka au kuhudhuria mkutano fulani kulitosha kukuingiza humo. (Mwenyekiti wa kamati, J. Parnell Thomas, naye alifungwa kwa kulipisha serikali mishahara ya wafanyakazi hewa. Wawili kati ya wale kumi wakamkuta gerezani. Mzalendo huyo!)

Jina la Trumbo lilirudi kwenye skrini 1960. Lakini Oscar ya Roman Holiday, filamu ambayo hadithi yake aliiandika yeye lakini tuzo ikaenda kwa rafiki yake aliyemkopesha jina, walikuja kumkabidhi mjane wake 1993. Trumbo alikufa 1976.