Bado sisi ni wakombozi, au tumebaki na majina ya barabara?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Mwenge, tumekwama kwenye foleni ya Sam Nujoma. Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha chuo shingoni akamuuliza konda, "Hivi huyu Nujoma alikuwa nani?" Konda bila hata kugeuka: "Mbunge wa Ubungo wa zamani." Gari zima likacheka. Mimi nilicheka pia, ila nadhani kuna waliocheka kwa kufuata mkumbo, hawakujua utani uko wapi.

Nujoma, mpigania uhuru na rais wa kwanza wa Namibia, alifariki tarehe 8 Februari 2025. Siku hiyohiyo wakuu wa nchi za EAC (Afrika Mashariki) na SADC (kusini mwa Afrika) walikuwa Dar wakijadili Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliotekwa na waasi wa M23. Hilo ndilo limenifanya nilete mada.

Kwenye sayansi ya jamii kuna kitu kinaitwa nadharia ya dhima. Haikuanzia kwenye siasa za kimataifa. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia wa Marekani, Ralph Linton, alitenganisha hadhi na dhima: hadhi ni kiti ulichokalia, dhima ni yale unayotegemewa kuyatenda ukiwa umekikalia. Ukweni huli mpaka ukashiba, hata kama tumbo linaunguruma. Hakuna sheria inayokukataza, ila wewe ni mkwe. Mwaka 1970 K. J. Holsti, mwanazuoni wa Kanada, akaipeleka hoja hiyo kwa mataifa. Alipitia kauli za viongozi aone wao wenyewe wanasema nchi zao zina kazi gani duniani. Wako waliojiona ngome ya mapinduzi, wako wapatanishi, wako washirika waaminifu wa mkubwa fulani, na wako waunga mkono wa harakati za ukombozi. Hapo kwenye ukombozi ndipo tulipokuwa sisi. Mwenge juu ya Kilimanjaro, "umulike nje ya mipaka yetu", Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) hapa Dar tangu 1963, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kuasisiwa hapahapa Juni 1962.

Waliokuja baadaye waliongeza jambo ninalolipenda zaidi: dhima ina ya kujitwika na ya kutwikwa. Huwezi kuwa mshenga kama hakuna aliyekutuma wala ukweni hawakufungulii mlango.

Hoja yangu: ile ya ukombozi imekwisha. Kamati ilifungwa 1994. Tangu sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 tunaimba diplomasia ya uchumi, lakini kwenye hotuba bado tunavaa koti la mwaka 1975. Tuchague moja. Mimi nachagua upatanishi, na tukubali kuulipia. Karibuni.

Swali Gumu

Mkuu, umeandika vizuri ila umezunguka sana. Nchi ina maslahi, basi. Ukiwa na Mreno anatawala Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, utamsaidia FRELIMO hata kama hujawahi kusikia neno dhima. Hizi nadharia zinaeleza kila kitu kikishatokea. Kesho tukiuza gesi mtasema ni dhima ya muuza gesi.

Mleta mada

Mreno nakupa. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) je? Hatupakani nayo. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikumshughulikia Ian Smith, kiongozi wa walowezi aliyejitangazia uhuru kule, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. OAU ilikubaliana kwa kauli moja wanachama wote wafanye hivyo, siku ilipofika wengi wakakaa kimya. Maslahi yale yale, bara lile lile. Kwa nini sisi tukatekeleza na wao hawakutekeleza? Ukiniambia ni maslahi, itabidi uniambie yaliandikwa wapi.

Na Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968. Tanzania, mhubiri mkubwa wa umoja wa Afrika, anakuwa wa kwanza barani kutambua jimbo lililojitenga. Hapo dhima mbili ziligongana, ya mtetezi wa wanyonge na ya mlinzi wa umoja, moja ikaipiga chini nyingine. Vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin hivyohivyo: Kampala ilipoanguka Aprili 1979 tulishangilia, miezi mitatu baadaye kwenye kikao cha OAU Monrovia, Sudan na Nigeria wakatusema kwa kuingilia nchi ya watu.

Swali Gumu

Na baada ya vita tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, ambayo haijaisha mpaka leo. Umesahau hiyo.

Mtu wa Ruvuma

Mmezungumza sana habari za serikali. Niruhusuni mzee kidogo.

Mimi ni wa Newala. Mwaka 1972 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Usiku tukisikia ndege, mama anafunika koroboi kwa sufuria, hazimi, kwa sababu kiberiti kilikuwa adimu. Ndege za Mreno zilikuwa zinavuka mto. Asubuhi unakuta ukumbini wamelala watu watano, sita, miguu imevimba, Kiswahili chao kina maneno ya Kireno ndani. Mama akatuambia: hawa ni wajomba zenu, muwaamkie. Sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kuchezea, ndiye mwenye watoto. Ukishaambiwa huyu ni mjomba, chakula kinagawanywa na hakuna anayeuliza amekuja kukaa siku ngapi. Wengine walipelekwa Rutamba kwenye makazi ya wakimbizi, wengine walirudi ng'ambo wakiwa na bunduki, tusiwaone tena.

Mama hakuwahi kusikia hotuba ya Kamati ya Ukombozi. Hiyo dhima yenu ilikaa nyumbani kwetu, ikila mihogo yetu.

Sasa niwaambie ya karibuni. Vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, imeanza 2017. Oktoba 2020 wapiganaji wa kule wakavuka mto wakavamia Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Baada ya hapo mpaka ukawa mpaka kweli. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema maelfu ya watu waliokuwa wakikimbia upande ule wamerudishwa. Naelewa sababu, wauaji walikuwa wanajichanganya na raia, na mimi nina wajukuu. Lakini wale ni wajomba walewale. Mkitaka kujua dhima ya ukombozi imekufa lini, msihesabu kuanzia 1994. Ihesabuni kuanzia siku mjomba alipoombwa karatasi.

Jozi Ndogo

Mzee umeniliza. Niko Johannesburg mwaka wa tisa. Siku moja kwenye ofisi ya vibali nimekaa foleni toka saa kumi na moja alfajiri, nafika dirishani naambiwa nirudi nchini kwangu. Nikamwambia yule dada, chama chenu cha ANC kilikuwa na shule Mazimbu, Morogoro, ardhi tuliwapa sisi. Akaniuliza, "Mazimbu ni mtaa gani hapa?" Hakuwa anakejeli, aliuliza kweli. Nikamuona ni mdogo, kazaliwa baada ya 1994, ubaguzi wa rangi ulipokwisha. Nimdai nini mimi?

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada. Unajiita mkombozi mbele ya mtu asiyejua kama aliwahi kukombolewa na wewe.

Nairobi Mjini

Majirani, mimi ni Mkenya, mnivumilie. Nyinyi mna shida ya jina, sisi tuna shida ya kuwa na majina mengi. Machi 2022 kura ya Ukraine pale Umoja wa Mataifa, Kenya ilipiga ya kulaani uvamizi, Tanzania ikajizuia. Huyo ndiye mwenye mwenge? Halafu sisi tukapeleka polisi Haiti Juni 2024, na mwezi huohuo Marekani ikatupa hadhi ya mshirika mkubwa asiye wa NATO. Ukituuliza kama sisi ni mpatanishi, mshirika au askari wa kukodi, inategemea umeuliza siku gani. Angalau nyinyi mnagombania moja.

Goma Kwetu

Bandugu, mimi ni wa Goma. Nasoma hapa mnasema dhima imekufa, nashangaa. 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa ilikuja, Watanzania, Waafrika Kusini, Wamalawi, na M23 wakatoka. Watu walipiga kelele barabarani ya furaha. Desemba 2017 kule Semuliki, Beni, Watanzania zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja. Hayo si ya zamani. Kisha wamerudi na SADC, na Januari 2025 mji ukaanguka wakiwa humo humo ndani, hawawezi kupigana, hawawezi kutoka. Machi SADC ikafunga misheni.

Sisi tulikuwa tunangoja mkombozi, nyinyi mlituma mlinzi. Mleta mada sasa anasema mpatanishi. Nauliza kama ndugu: mkichagua jina lingine, mnatuambia kabla au tunajua siku risasi zinapoanza? Maana hapa mtu anapanga kukimbia au kubaki kwa kuangalia nani amesimama kwenye kizuizi.

Mleta mada

Ndugu wa Goma, hilo sikuliona wakati naandika. Nilifikiri kuchagua dhima ni jambo letu na wizara yetu. Ulichosema ni kwamba upande wa pili kuna mtu kapanga maisha yake kwa kuitegemea. Holsti alipekua kauli za viongozi, hakwenda kwenye kizuizi.

Swali Gumu

Basi nami niulize lililo wazi. Mnataka upatanishi. Mazungumzo ya amani ya Arusha, 1998, Warundi walikubali kukaa kwetu kwa sababu aliyewaita alikuwa Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999 akaja Mandela. Watu wenye uzito. Uchaguzi wetu wa Oktoba 2025, waangalizi wa SADC wenyewe walitoa taarifa ya awali kwamba sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao. SADC hiyo imezaliwa kutoka nchi za Mstari wa Mbele, zilizounga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika, yaani ni mtoto wetu. Mtoto akikusema mbele ya wageni, nani atakutuma ushenga?

Mleta mada

Hapo sina jibu la haraka. Upatanishi nilioutaka unahitaji kutwikwa, na hao wa kututwika ndio walioandika taarifa ile.

Nibaki na swali dogo linalopimika. Tangu 1978 tunaitambua Jamhuri ya Sahrawi, ya Sahara Magharibi ambayo Morocco inadai ni yake, na ubalozi wao uko Dar. Oktoba 2016 Mfalme wa Morocco alikuja, tukamuomba uwanja wa mpira Dodoma, na ubalozi wao nao uko Dar. Mpaka sasa hatujaambiwa tuchague. Siku ya kuchagua ikifika, nani anaamini tutabaki na Wasahrawi, na kwa sababu ipi?

Mtu wa Ruvuma

Umewahi kuwapelekea hata maji hao Wasahrawi, wewe mwenyewe? Anza hapo, kisha uniulize mimi.