"Mbona baba alimchinja?" Watoto wa PP2 na mifugo

Mwalimu wa Langoni
Asalaam aleikum. Nasomesha PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hapa Amu, kisiwani Lamu, watoto 23. Wiki iliyopita tulifika kwenye wanyama wa kufugwa. Punda hakunipa taabu, maana mchanga na matofali ya mtaani huja mgongoni mwake, na kila mtoto ashampisha uchochoroni. Nilipouliza mayai yatoka wapi, wengi wakajibu dukani. Nikawaeleza. Ndipo binti mmoja akasema: "Mwalimu, mbuzi wetu nilimpa majani kila siku, mbona baba alimchinja Idi?" Nikageuza maneno. Tangu siku ile sina raha, kwani mtoto aliuliza kweli. Nyinyi mwawaambiaje?

Mfugaji wa Hindi
Waaleikum salaam. Mwambie vilivyo. Wanangu wajua tangu mwanzo: huyu wa maziwa, yule wa kuuza karo ikifika, huyu wa Idi. Kinachomuumiza mtoto ni kuambiwa mbuzi amekwenda safari, kisha akute ngozi imeanikwa. Wavushe kwa mashua hadi Mokowe, huku bara, waje kwangu kijijini Hindi. Nina majike 4 wanaonyonyesha. Mbuzi hubeba mimba miezi 5 ndipo apate mwana, na mwana huyo ataka maziwa, kwa hivyo sikami ovyo: chuchu moja yangu, moja ya mwanawe. Hilo waone kwa macho yao. Samadi nayo waishike, ndiyo inayolisha mahindi yangu.

Bibi wa Shela
Mwanangu, kabla ya mashua tafuta kuku anayeatamia. Mjukuu wangu alipiga mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi, mistari 21. Siku ya 20 aliweka sikio kwenye yai akasikia kifaranga analia ndani, akaja mbio kuniita, miguu haishiki chini. Hapo ndipo nilipomfundisha kuwa kuku hutaga hata bila jogoo, ila yai hilo ni la kula, halitotoi.
Na punda usimpite upesi. Watoto wamemzoea, na wengine humpiga fimbo kama gogo. Wapeleke pale pwani kwenye kituo cha kutibu punda, kipo tangu 1987. Wakimwona akisafishwa kidonda cha mgongoni watajua mzigo una uzito.

Mwalimu wa Langoni
Ahsanteni sana. Nilizungumza na babake kwanza, kisha nikamkalisha yule binti. Nikamwambia mbuzi alifugwa ili aliwe, na kumlisha vizuri ilikuwa haki yake. Akauliza: "Alipewa maji?" Nikamwambia alipewa, na kisu hakikunolewa mbele yake. Akanyamaza kidogo, akasema fungu la nyama la bibi yake alilipeleka yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.
Bibi, kuku nimempata kwa jirani, keshaanza kuatamia.
Mfugaji, Jumamosi tuje? Tutakuwa watoto 23 na kina mama 6. Beberu mfunge, wapo wadogo sana.

Mfugaji wa Hindi
Njooni mapema, kabla sijakama.