Mama kaona mtoto wake anagongwa, anaweza kudai fidia ya mshtuko?

Mwana Kibirizi:
Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita mtoto wa mama mdogo aligongwa na Fuso hapa Gungu, dereva alikua anaovateki kwenye zebra. Dogo kavunjika mguu ila anaendelea vizuri, bima wamekubali kumlipa. Shida ni mama mdogo, alikua ng'ambo ya barabara anauza dagaa akaona kila kitu, tangu siku hiyo halali, akisikia breki za lori anaachia kopo la kupimia anashika kichwa, biashara imesimama. Baba mdogo yuko Uvinza, aliona video kwenye grupu la wasapu nae anasema kaathirika. Sasa hadi jirani wa meza ya pili anataka alipwe! Mtu wa bima anasema hao hawakuguswa na gari. Hii imekaaje kisheria?

Muha Mtata:
Sahau mkuu, kila alieona ajali akilipwa nani atabaki na kampuni ya bima

Wakili Uchwara:
Kutoguswa na gari sio mwisho wa kesi. Sheria yetu ya madhara (ya kudai fidia kwa alieumizwa na kosa au uzembe wa mtu) tumeirithi kwa Waingereza, kesi zao mpya hazitufungi ila mahakama zetu huziangalia sana. Kubwa ni ya Alcock, ile ya maafa ya uwanja wa Hillsborough 1989, mashabiki walibanana hadi kufa kwenye mechi ya Liverpool na Nottingham Forest. Majaji walitaka mdai awe na ukaribu wa mapenzi na alieumia, awepo pale au afike mara tu baada ya tukio, na aone au asikie mwenyewe. Walioona kwenye TV walikosa. Kuna jamaa alikua uwanjani kabisa, ndugu zake wawili wakafa, nae akakosa kwa sababu hakuleta ushahidi kwamba walikua wameshibana. Mzazi na mtoto hawaulizwi hilo, kwahiyo mama mdogo yuko vizuri.

Jirani hapana, hana huo ukaribu. Kuna mama muuza samaki wa Edinburgh, mjamzito, alisikia kishindo cha pikipiki akaja kuona damu barabarani, mtoto akazaliwa kashafariki, na bado alishindwa kesi miaka ya 1940 huko (Bourhill na Young).

Mwana Kibirizi:
Asante sana. Baba mdogo je? Alifika hospitali kesho yake asubuhi.

Wakili Uchwara:
Ngumu. Kuna kesi nyingine ya Uingereza, mama McLoughlin, familia yake ilipata ajali ya gari. Alishinda 1982 ila yeye alifika hospitali kama masaa mawili baada ya ajali, akaikuta familia bado ina oili na matope mwilini, na binti yake mmoja kashafariki. Huyo wa kwenu kamkuta dogo kashafungwa POP (plasta ngumu ya mguu).

Halafu huzuni na kukosa usingizi peke yake hailipwi, lazima daktari wa akili aandike kwamba ni ugonjwa. Kapata ripoti?

Mwana Kibirizi:
Kapewa vidonge vya usingizi tu zahanati

Wakili Uchwara:
Basi aende hospitali kubwa mapema, mna miaka mitatu ya kufungua madai. Na bima wakileta karatasi ya malipo ya dogo someni kwanza, ikiandikwa "madai yote ya familia" asisaini mtu.