Picha ya babu na gwanda: nisaidieni kujua ni ya mwaka gani

Mjukuu_wa_Songea:
Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nina picha moja ya ukoo, nyeusi na nyeupe, saizi ya postikadi, kingo zimeliwa na mende. Babu mzaa baba amesimama: shati na kaptula ya kaki, kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, buti, na zile bandeji za kuzungushia miguuni. Mkononi tepe mbili. Kifuani ana riboni tatu za nishani, ila ziko upande wa KULIA, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Bibi ameketi kwenye kiti cha studio, kajitanda kanga, kampakata mtoto wa kike. Nyuma kuna muhuri wa wino wa zambarau. Jina la studio limefutika, kinachosomeka ni "Acacia Avenue, Dar es Salaam".

Nyumbani tumekua tukiambiwa babu alikuwa askari wa Mjerumani, kazunguka na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, mpaka siku ya kusalimu amri. Kwa hiyo picha ni ya 1914-1918. Lakini huyo mtoto ni shangazi yangu mkubwa, na yu hai, yuko Songea anasuka mikeka. Nikimpigia hesabu hiyo anacheka mpaka anakohoa. Kitambulisho chake nacho kimeandikwa 1950, mwaka aliokadiriwa tu siku ya kujiandikisha. Sasa baba yangu, mdogo wake, cheti chake cha ubatizo kinasema 1948. Mdogo kamtangulia dada yake!

Nataka kumtafutia shangazi mwaka wake kabla hajaondoka. Nianzie wapi?

Dogo_Mbagala:
Hiyo polisi mkuu. Babu yangu alikuwa polisi enzi za mkoloni, kaptula hivyo hivyo.

Fundi_wa_Magwanda:
Marahaba mjukuu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani kambini miaka 22. Vita sivijui, gwanda nalijua. Dogo, kaptula ya kaki haikuambii kitu, alivaa polisi, alivaa tarishi, alivaa mpaka mwanafunzi. Tazama kichwani, begani na kifuani.

Kwanza tumtoe Mjerumani. Askari wake walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mbele ina tai wa bati, nyuma kimening'inia kitambaa cha kukinga kisogo na jua. Kofia pana kama ya babu yako hawakuwa nayo. Na hata bila kofia, muhuri umeshasema. Mwingereza aliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Barabara hiyo wakati wa Mjerumani ilikuwa na jina la Kijerumani, "Acacia Avenue" ni la Mwingereza, na ndiyo hii tunayoiita Samora leo. Askari aliyekuwa porini na Lettow mpaka Novemba 1918 angeipataje picha yenye muhuri huo?

Kwa hiyo huyo ni Keya, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Keya wa vita ya kwanza naye simwoni hapo, maana wale walizungusha bandeji miguuni halafu chini wakakanyaga peku. Buti na kofia pana vinanipeleka vita ya pili.

Nenda na kioo cha kukuzia, utazame mkono karibu na bega. Kuna kiraka kimeshonwa? Usiniambie unachodhani, niambie unachokiona.

Mjukuu_wa_Songea:
Mzee umenifanya nihamie dirishani na lenzi ya miwani ya mama. Kipo! Kiraka cha duara, ndani kuna kichwa cha mnyama. Kama nguruwe mwenye pembe.

Fundi_wa_Magwanda:
Nguruwe mwenye pembe ni kifaru, mjukuu wangu 😀

Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndio waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Mjapani. Iliundwa 1943, mwaka huo huo wakavuka bahari kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha Agosti 1944 wakaingia Burma. Walipita bonde la Kabaw masika yakiwa yamepamba moto, matope mpaka magotini, Desemba wakavuka mto Chindwin. Wazee waliorudi walikuwa wakizitaja mvua zile kabla ya kumtaja Mjapani.

Riboni kuwa kulia ndiyo inaninyima usingizi. Nishani zako mwenyewe unavaa kushoto, juu ya moyo. Hakuna sajini ambaye angemwacha apite hivyo.

Bi_Kanga:
Naomba niingilie, mimi wa kanga tu. Kanga ya bibi ina jina? Na maandishi yake yanasomekaje?

Mjukuu_wa_Songea:
Yapo begani, Bi Kanga, lakini sikuyaelewa. Herufi kama za Kirusi. Nilidhani ni Kiarabu kimefifia.

Bi_Kanga:
Kanga za mwanzo kweli ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi zetu za abc zilikuja baadaye. Lakini Kirusi hatujawahi kujitanda mwanangu. Ipeleke picha mbele ya kioo cha kabati, usome kule kwenye kioo.

Mjukuu_wa_Songea:
Jamani. WEMA HAU… halafu mkunjo. "Wema hauozi"!

Bi_Kanga:
Basi picha imegeuzwa. Mpiga picha aliiweka filamu kinyume wakati wa kusafisha, upande wa ndani ukawa nje. Mwangalie na babu vifungo, shati la kiume upande wa kushoto ndio unaolala juu. Kwenye picha yako bila shaka limekuwa la kike.

Fundi_wa_Magwanda:
Bi Kanga, heshima yako. Miaka 22 nashona vifungo na hilo limenipita.

Sasa riboni zisome kwenye kioo hicho hicho, kuanzia iliyo karibu na vifungo kwenda nje. Usihangaike na rangi, filamu za zamani nyingine hazikuiona nyekundu kabisa, inatoka nyeusi ti. Hesabu mistari na upana wake.

Mjukuu_wa_Songea:
Ya kwanza: mistari mitatu iliyolingana, unaanza mweusi, wa mwisho mweupe kiasi. Ya pili: imepauka, katikati ina mstari mpana mweusi, pembeni vijistari. Ya tatu: nyeusi karibu yote, ina vijistari viwili vyembamba, kimoja kila upande.

Fundi_wa_Magwanda:
Hapo umemaliza kazi. Ya kwanza ni Nyota ya 1939-45: buluu nzito, nyekundu, buluu ya maji. Ya pili ni Nyota ya Afrika, ina maana babu yako alishapigana Somalia au Uhabeshi 1940-41 kabla ya hiyo safari nyingine. Ya tatu ni Nyota ya Burma: nyekundu katikati, buluu huku na huku, na ndani ya kila buluu mstari wa machungwa. Hii ya Burma ilitangazwa Mei 1945, haikuwepo kabla.

Kwa hiyo picha si ya kabla ya katikati ya 1945. Na kwa kuwa kifaru bado kiko begani, mimi naiweka kwenye kurudi kwao, 1945 au 1946.

Limebaki moja, nalisema kwa adabu. Kama alikuwa ng'ambo tangu 1943, mtoto mchanga hawezi kupakatwa kwenye picha hiyo. Huyo mtoto ana umri gani?

Mjukuu_wa_Songea:
Nimemtazama upya. Mimi nilisema kapakatwa kwa sababu yuko mapajani, lakini miguu inaning'inia inavuka magoti ya bibi, na ana viatu. Miaka miwili hivi. Tena hajamgeukia babu, kajibana kwa bibi.

Fundi_wa_Magwanda:
Basi babu aliondoka bibi ana mimba. Shangazi alizaliwa mwisho wa 1943, au mwanzo wa 1944. Muulize shangazi kama aliwahi kusimuliwa siku baba yake aliporudi. Usimtajie mwaka.

Mjukuu_wa_Songea:
Samahani kwa kimya, mtandao wa kule unasumbua. Nimempata asubuhi hii. Sikumtajia mwaka wala Burma, nimemuuliza tu: shangazi, ulimjuaje baba yako?

Kanyamaza, halafu kasema: "Sikumjua. Mama alisema nilimkimbia nikajificha chini ya kitanda, nikawa namwita bwana askari. Nilimwita hivyo mpaka baba yako alipozaliwa."

Kuhusu Mjerumani nimemuuliza pia. Anasema aliyekuwa kwa Mjerumani ni baba yake babu, na yeye alikuwa mpagazi, hakupewa hata bunduki.