bcachefs kwa picha za wateja, niiamini au nisubiri?

mpigapicha_mza: Wakuu habari za jioni. Hapa studio nina mashine ya Linux yenye hard disk mbili za 4TB na SSD (diski ya kasi) moja ya 1TB, ndani kuna picha za harusi na send-off za wateja na wengine hawana kopi kabisa, wananitegemea mimi. Mpaka sasa natumia ext4, ule mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. Nimesoma habari za bcachefs, mfumo wa faili mpya, nikavutiwa sana, unaunganisha SSD na hard disk zinakuwa kitu kimoja, faili mpya inaandikwa kwanza SSD halafu inahamia yenyewe taratibu kwenye diski kubwa, na ina cheksamu (namba za kugundua data iliyoharibika), snapshoti (picha ya hali ya faili kwa wakati fulani), kopi mbili mbili. Kuna anayeitumia kwa kazi? Nihamie au bado mapema?

baba_sava: Kwa picha za watu usihamie mkuu. Kent Overstreet aliyeiunda anajua kazi na wazo lake ni zuri sana, ila angalia ilikopita: ametangaza 2015, ikaingia keneli (kiini cha Linux) toleo 6.7 Januari 2024, baada ya hapo mvutano na Linus Torvalds, mkuu wa keneli, haukuisha, sana sana kuhusu mabadiliko yanayopelekwa wakati dirisha la kupokea mambo mapya limeshafungwa, kwenye 6.17 ikaandikwa inatunzwa nje ya keneli na 6.18 wakaitoa kabisa. Sasa hivi unaipata kama moduli ya DKMS, yaani kila keneli ikipata apdeti moduli inajengwa upya hapo hapo kwenye mashine yako, na siku ikigoma kujengwa unawasha asubuhi diski haifunguki wakati bibi harusi yuko mlangoni anataka albamu. Data haijapotea, ila mpaka urudi keneli ya zamani ndo uione.

asha_linux: Tusichanganye mambo jamani. Kutolewa kwenye keneli si kuharibu data. ZFS, mfumo mwingine wa faili, nayo haijawahi kuingia kwenye keneli ya Linux sababu ya leseni yake ya CDDL na watu wamejaza humo data nzito miaka yote. Mimi bcachefs ninayo kwenye mashine ya majaribio, umeme unakatika inarudi vizuri tu.

baba_sava: Sawa dada, ila ZFS ilitoka kampuni ya Sun 2005 na leo ina watu na makampuni mengi nyuma yake, bcachefs kwa sehemu kubwa bado iko mgongoni mwa mtu mmoja. Na hata hiyo ZFS Novemba 2023 ilikutwa na kasoro, ukikopi faili muda mbaya kopi inatoka na vipande vya sifuri ndani, na kosa lenyewe lilikuwepo zamani halionekani. Kama mkongwe yanamkuta hayo, mgeni tumpe muda.

fundi_keneli: Mpigapicha, nakuunga mkono kuondoka ext4 kwa picha, maana cheksamu zake ni za metadata tu (taarifa kuhusu faili, sio yaliyomo), picha yenyewe ikiharibika kimya kimya kwenye diski haisemi kitu, utakuja kuona mstari wa kijivu katikati ya uso wa mtu mteja akishafungua. Weka Btrfs, mfumo mwingine wa faili, kwa RAID1 (kila kitu kinaandikwa diski zote mbili) kwenye hizo diski mbili, iko kwenye keneli tangu 2009 na Fedora ya mezani inaitumia tangu 2020. Ikisoma kipande kibovu inachukua kopi ya diski ya pili na kusahihisha ile mbovu. RAID5 na RAID6 zake, njia nyingine za kupanga data kwenye diski nyingi, usiguse, waundaji wenyewe wanaonya. Kila mwezi piga `btrfs scrub start -B /mnt/picha`, amri ya kukagua data yote, usome matokeo.

Na sikiliza hapa kaka, RAID si bakapu. Ukifuta folda kwa bahati mbaya imefutika diski zote mbili muda huo huo. Nunua diski ya nje, nakili, chomoa, ikae nyumbani sio studio.

mpigapicha_mza: Nimewaelewa wakuu, bcachefs naiacha kwa sasa. Je hizi za ext4 nazigeuza moja kwa moja kuwa Btrfs bila kuhamisha?

fundi_keneli: Ipo `btrfs-convert` ila kwa data ya wateja sikushauri. Anza na diski ya nje, nakili kila kitu, linganisha kwa `sha256sum` (inatoa alama ya kuhakiki kopi iko sawa na asili) faili zote, fungua na picha kadhaa kwa macho, ndo ufomati hizo mbili upya. SSD iache peke yake kwa faili unazoediti.

asha_linux: Na hiyo ya nje usiifute hata ukishahamia.