Naomba ushauri: mfumo mpya wa mapokezi ya samaki upo kiwandani, lakini kazi bado inaendeshwa kwa daftari

Meneja_Mwanza:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia uendeshaji katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kilichoanza miaka ya tisini na ambacho wasimamizi wake wengi wamekuwapo tangu siku za mwanzo. Bodi imenikabidhi kazi ya kubadilisha mapokezi ya samaki: badala ya karani wa mizani kuandika daftarini uzito, jina la wakala na mwalo (mahali pwani ya ziwa wavuvi wanaposhushia samaki) walikotoka, taarifa hizo ziingizwe papo hapo kwenye kishikwambi, ili mnunuzi wa Ulaya akiuliza boksi fulani limetoka mwalo upi tumjibu siku hiyohiyo. Vifaa vimenunuliwa na mafunzo yametolewa. Hata hivyo, makarani huandika kwanza daftarini, na jioni mmoja wao hunakili yote kwenye kishikwambi, kwa hiyo kazi imeongezeka badala ya kupungua. Wasimamizi wa zamu hawapingi waziwazi; kikaoni huitikia, wakitoka huendelea kama zamani. Mkurugenzi anataka nitoe barua za onyo. Nasita, kwa kuwa wazee hawa ndio wanaoweza kumkataa samaki kwa kumtazama macho na mashavu tu. Nianzie wapi?

Mdau_Igogo:
Mkuu, kabla ya barua, kaa na karani mmoja zamu nzima, ulisome daftari lake mstari kwa mstari. Nina hakika utakuta pembeni mambo ambayo waliotengeneza programu yenu hawakuyawazia: wakala gani amechukua barafu na mafuta kwa mkopo, nani anadaiwa nyavu, mzigo gani ulikatwa kilo kwa sababu samaki walikuwa wamelegea. Biashara ya sangara ziwani inakwenda kwa madeni kati ya kiwanda, wakala na mvuvi. Ikiwa kishikwambi hakina mahali pa kuandika deni, karani akiliacha daftari leo, kesho atashindwa kumjibu wakala aliyesimama dirishani. Huyo hapingi mabadiliko; anailinda kazi yake isiharibike. Wapo pia, na hili tuliseme kwa adabu, ambao hunufaika na kilo zinazopotea kati ya mizani na karatasi. Hao hutawapata kwa mafunzo, lakini usiwahesabu wote kuwa ni hao.

Kamba_Moja:
Toa barua. Watu wazima hawabembelezwi.

Mstaafu_wa_Minofu:
Vijana wangu, nilikuwa kiwandani mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na habari za uvuvi wa kutumia sumu. Kabla ya hapo tulikuwa tukigombana kila siku kuhusu viatu vya mpira, kunawa mikono na kumbukumbu za joto la vyumba vya baridi. Baada ya zuio hakuna aliyeuliza tena sababu, maana kila mmoja aliona laini ya uzalishaji imesimama na vibarua wamerudishwa nyumbani getini. Tofauti ya leo ni kwamba hatari inayoisukuma bodi yenu inaonekana ofisini tu, kwenye barua pepe za wanunuzi. Wasomeeni makarani malalamiko hayo kwa Kiswahili, pamoja na hasara iliyotokea mzigo ulipokataliwa, kama upo uliokataliwa. Msiwatishe kwa hatari ya kubuni, watajua.

Mhandisi_Nyegezi:
Naomba niongeze mfano wa mbali. Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari cha Fremont, California, kilichosifika kwa utoro na ugomvi kati ya uongozi na wafanyakazi. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Ubora ulipanda. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi: mfanyakazi alipoona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha laini, na kiongozi wake alikuja kusaidia, si kumkaripia. General Motors ilipojaribu kuupeleka mtindo huo kwenye viwanda vyake vingine ilisumbuka kwa miaka mingi, kwa kuwa huko mameneja waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yanayotoka. Kwa hiyo nina swali, mkuu: jioni mkurugenzi wenu huzipata wapi takwimu za siku?

Meneja_Mwanza:
Mhandisi, humpigia simu karani mkuu, naye humsomea daftari.

Mhandisi_Nyegezi:
Basi karani yuko sahihi kabisa kulitunza. Mwombe mkurugenzi, kwa heshima na mkiwa wawili tu, kwamba kuanzia tarehe mtakayokubaliana atasoma takwimu kwenye mfumo, na zikikosekana aulize kwa nini hazimo badala ya kuomba zisomwe daftarini. Akikataa, barua za onyo kwa makarani hazitakuwa na maana yoyote.

Meneja_Mwanza:
Nashukuru, na Mzee wetu shikamoo. Suala la madeni ni kweli halimo kwenye programu. Nitawataka mafundi waliongeze kabla ya kumgusa mtu yeyote, na tutajaribu kwa mawakala wachache kwanza. Limebaki moja: makarani wananong'ona kwamba mfumo ukikaa sawa watapunguzwa, na bodi haijasema lolote.

Wakili_Capri_Point:
Ukimya huo ndio unaowagharimu zaidi. Ikiwa hakuna mpango wa kupunguza watu, bodi iseme hivyo kwa maandishi. Ikiwa upo, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mara tu anapolifikiria, aeleze taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, wakati wake na malipo yao. Mashauriano hayo hutangulia uamuzi; mkiamua kwanza kisha mkaita kikao, mtajikuta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkijieleza. Andaeni muhtasari wa kila kikao, na mwakilishi wa wafanyakazi atie saini siku hiyohiyo.